Flashi ya Ndila

Ndila Mulei alikasirika kwanza akafikiri baadaye, na Voi nzima ilimjua hivyo. Duka lake la kutengeneza kompyuta lilikuwa chumba kimoja karibu na soko, chenye meza mbili na feni iliyopiga kelele, na juu ya mlango alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: HATUPIGI WINDOW OVYO. Wageni walidhani ni mzaha. Wenyeji walijua kwamba mama huyu aliwachukia mno wale mafundi ambao, kompyuta ikizubaa kidogo tu, hawaulizi wala hawachunguzi, wanafuta kila kitu kilichomo na kuweka Windows mpya. Mwenye mashine anarudishiwa chombo kinachong'aa, lakini picha za harusi ya mtoto wake zimepotea, na barua zake za miaka kumi zimepotea.

"Ukienda hospitali na kikohozi, daktari anakuzika?" alikuwa akiwauliza, na hakungoja jibu.

Wazazi wake walitoka Ukambani, wakalima ndengu na mahindi kwenye tambarare chini ya vilima. Hakwenda chuo chochote. Alijifunza kazi kwa kufungua mashine zilizotupwa na maofisi, akichomeka hiki na kuchomoa kile mpaka ziseme kitu. Wanaume waliokuwa na maduka ya kazi hiyo mjini walimcheka usoni, na yeye aliwajibu usoni vilevile. Miaka ishirini baadaye wengi wao walikuwa wamefunga, naye bado alikuwa pale pale, na mdomo wake ule ule.

Kilichomletea jina hasa ni flashi. Ndani ya kila kompyuta mna programu ndogo ambazo mafundi huziita dreva. Kazi yake ni kuiambia kompyuta jinsi ya kuelewana na viungo vyake: kioo, spika, printa, waya wa intaneti. Dreva asiyefaa akiingia, kiungo na kompyuta havisikizani, na siku yoyote mashine yote inaanguka. Zamani, mashine kuukuu zilipoanza kumiminika Voi kutoka ng'ambo, zilikuja bila dreva hata mmoja, na bando la intaneti la kuwatafuta lilikuwa ghali. Ndila alikaa msimu mzima wa mvua akiwakusanya mmoja mmoja. Akawaweka kwenye flashi, akamgawia bure kila fundi aliyetaka. Fundi akamnakilia fundi mwenzake. Flashi hiyo ikafika Mwatate, ikafika Taveta, ikazunguka mlima wa Kasigau mpaka Makwasinyi. Fundi akikwama popote, swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa, "Kwani huna flashi ya Ndila?"

Yeye mwenyewe alijifanya hajali. Ukweli ni kwamba hakuna kitu kilichomfurahisha kama hicho maishani.

Basi, siku moja ya mwezi wa kumi, pikapu ya shule moja ya sekondari kule Kishushe ilikuja kumchukua dukani. Mwalimu mkuu, Madam Wakesho, alikuwa amemweleza mambo yote kwa simu. Maabara yao ya kompyuta ilikuwa na mashine ishirini. Tangu mwanzo wa mwaka, muda si mrefu baada ya mtunza maabara kuzifanyia matengenezo, mashine kumi na moja zilikuwa zikianguka kila siku, wanafunzi wakiwa katikati ya kazi. Mtunza maabara huyo aliitwa Muasya, na alikuwa na miaka saba shuleni pale. Mwalimu mmoja alikuwa amesema amesikia kwamba Muasya alichomoa chipu nzuri za kumbukumbu, akaziuza mjini na kuweka mbovu mahali pake. Maneno yakaenea. Madam Wakesho akamsimamisha kazi, akatangaza hivyo kwenye gwaride la asubuhi mbele ya wanafunzi mia tatu. Bodi ingekaa siku hiyo saa nane. Ripoti ya Ndila ikisema chipu zimebadilishwa, Muasya angefutwa kazi na kukabidhiwa polisi.

Njia nzima, pikapu ikiruka mashimo na vumbi likiingia mpaka masikioni, Ndila alichemka. Wezi wa chipu alikuwa amewaona wengi. Na huyu ni Mkamba kama yeye! Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Alijua watu watamwangalia kama atamkingia kifua mtu wa kwao, na aliapa moyoni kwamba hakuna atakayepata nafasi ya kusema hivyo. Kabla hajafika lango la shule, Muasya alikuwa ameshahukumiwa ndani ya kichwa chake.

Alimkuta ameketi kwenye benchi nje ya chumba cha walimu, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi vizuri. Muasya akasimama.

"Karibu, Madam. Poleni na safari."

Ndila akapita. Aliitika kwa mbali, kwa sauti ambayo mtu angeweza kudhani ni kikohozi, akaenda zake maabara.

Alifungua mashine ya kwanza akitarajia kumkamata mwizi pale pale. Chipu zilikuwa mahali pake, na vumbi juu yake lilikuwa la miaka, halijaguswa na kidole. Akafungua ya pili. Ya tatu. Alipofika ya saba alikuwa akibamiza vifuniko. Alikuwa amekuja na hasira yake tayari, na sasa haikuwa na mtu wa kuangukia. Mashine zote kumi na moja zilikuwa na chipu zake, zenye vibandiko vya kiwandani na nambari zinazofuatana. Hakuna mtu aliyeiba chochote shuleni pale.

"Upuuzi mtupu," alisema peke yake. "Wamemwita mtu mwizi bila hata kufungua skrubu moja."

Akawasha mashine ya kwanza, akafungua video ya somo la biolojia. Dakika ya nne kioo kikawa buluu chote, na kile kikaragosi cha uso ulionuna kikatokea, kisha mashine ikajizima na kujiwasha yenyewe. Sasa Ndila alikuwa kwenye kazi anayoijua. Kila kompyuta ikianguka namna hiyo huacha faili dogo la kueleza ni nini kilichoiangusha, lakini watu wengi hawajui kwamba lipo, na mafundi wengi ni wavivu wa kulisoma. Alilisoma la mashine ya kwanza, akalisoma la pili, akalisoma la tatu. Yote yalimtaja mmoja: dreva wa kioo. Alipoangalia tarehe yake akapiga meza kwa kiganja. Dreva huyo alikuwa wa zamani sana, ametengenezewa Windows iliyotangulia na hata kadi ya kioo, kile kipande kinachochora picha, ya aina nyingine. Kuandika barua alivumilia, lakini mtu akifungua video tu, dreva aliangusha mashine nzima. Zile mashine tisa nzima zilikuwa na kadi tofauti, hazikumhitaji, ndiyo maana zilisalimika.

Akatoka mlangoni akaita kwa sauti iliyofika jikoni. "Wewe Muasya! Kuja hapa!"

Muasya akaja mbio. Hakuvuka kizingiti mpaka alipoambiwa aingie, kwa sababu alikuwa amekatazwa.

"Huyu dreva wa kioo nani ameweka?"

"Ni mimi, Madam."

"Ulimtoa wapi takataka hii? Nani alikufundisha kazi? Hii ni kitu ya zamani, mtu mwenye akili hawezi kuweka kitu kama hii kwa mashine ya watoto wanaofanya mtihani! Unaona vile umeharibu? Unaitwa mwizi kwa sababu ya ujinga wako mwenyewe!"

Muasya alitia mkono mfukoni, akatoa flashi nyeusi iliyokwaruzika, akaiweka mezani mbele yake. Ndila akaichomeka.

Ndani mlikuwa na folda moja tu, na katika folda hiyo, juu ya orodha ndefu ya madreva, mlikuwa na maandishi mafupi aliyoyajua kabla hajayafungua, maana aliyaandika yeye. *Weka zote. Ukiulizwa swali bonyeza Yes. Usinipigie simu. Ndila, Voi.*

Ndila alisoma maandishi yale mara mbili, kama mtu anayetarajia yabadilike.

"Nilifanya vile imeandikwa," Muasya alisema. "Hapa hatuna intaneti. Niliweka Windows mpya kama Madam Wakesho alivyotaka, halafu nikatumia flashi yako, kama kila mtu."

"Hii ni ya zamani," Ndila akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo. "Huyu dreva mimi nilimtoa. Nilijua ni mbaya, nikamtoa kitambo."

"Ulimtoa wapi, Madam?"

Alimtoa kwenye flashi yake mwenyewe. Miaka sita iliyopita mteja mmoja alimletea mashine yenye ugonjwa huo huo, akamgundua dreva, akamfuta, akatia mwingine aliye sawa, akaendelea na chai yake. Hakumwambia mtu. Nakala zile nyingi, kutoka Taveta mpaka Kishushe, aliziacha zizunguke na sumu ndani yake. Hazikumjia hata akilini.

Badala ya kunyamaza, alipandisha sauti tena. Ndivyo alivyokuwa. "Na kwa nini hukuuliza? Umeona mashine zinaanguka mwaka mzima, una mdomo, hukuuliza!"

"Niliuliza." Muasya sasa alimtazama machoni. "Nilikupigia mwezi wa tatu. Nikasema, mimi ni Muasya wa Kishushe, mashine zinaleta kioo cha buluu. Ukaniambia nisome maandishi niache kukusumbua. Ukakata."

Ndila alijaribu kuikumbuka simu hiyo. Hakuikumbuka, na hilo ndilo lililomchoma. Alikuwa amewakatia simu watu wengi mno. Mmoja wao alikuwa huyu aliyesimama mbele yake na shati la pasi, akingojea polisi.

Alivuta kiti, akaketi, akaanza kazi. Kwenye flashi yake mpya alikuwa na dreva anayefaa. Alimng'oa yule wa zamani kwenye mashine moja, akamtia huyu, akaiwasha upya, akafungua ile video ya biolojia na kuiacha icheze mpaka mwisho, akairudia. Mashine haikutikisika. Dakika ishirini tu zilitosha. Mtu amechafuliwa jina mwaka mzima kwa kitu cha dakika ishirini! Zile nyingine kumi hakuzigusa. Alitaka bodi izione zilivyo.

Saa sita na nusu alikuwa na karatasi nyeupe mbele yake, na kalamu. Wazo likamjia, na tuseme ukweli, lilimjia likiwa limevaa nguo nzuri. Angeweza kuandika "hitilafu ya programu" na kutia sahihi. Hayo yasingekuwa uongo. Muasya angerudi kazini, na hakuna mtu kwenye bodi ile ambaye angejua kuuliza programu ilitoka wapi. Jina lake lingebaki safi kaunti nzima. Aliikunja ile karatasi akaitupa, amejikasirikia kuliko alivyowahi kumkasirikia mteja yeyote.

Saa nane bodi ilikaa katika ofisi ya mwalimu mkuu. Mwenyekiti alikuwa Mzee Gibson, karani mstaafu wa shamba la mkonge kule Mwatate, mtu wa kofia na kalamu mbili mfukoni. Muasya alisimama karibu na mlango. Ndila aliingia akiwa amebeba kompyuta, akaiweka juu ya meza yao nzuri bila kuomba ruhusa, akatoka, akarudi na ya pili.

"Tuambie, mama," Mzee Gibson akaanza. "Chipu zimeenda wapi?"

"Ziko ndani ya mashine. Zote. Hazijawahi kutoka."

Madam Wakesho akainua uso. "Una uhakika?"

"Nimefungua kumi na moja kwa mkono wangu. Nyinyi mlifungua ngapi?"

Mzee Gibson alikohoa, akavua miwani. "Mama, usinielewe vibaya. Nyinyi ni watu wa kwenu. Tukiandika kwamba fundi Mkamba amemsafisha Mkamba mwenzake, wazazi watasema nini?"

Hapo ndipo Ndila alipopandwa na mori kabisa. "Mzee, mimi nimekuja hapa nikitaka huyu mtu afungwe! Nimempita kwa benchi kama mbwa. Muulize. Kama hamniamini mimi, aminini macho yenu. Nawasha hizi."

Akazichomeka zote mbili kwenye umeme, akafungua video ile ile, akakunja mikono. Wanabodi walitazama moyo wa chura ukidunda kwenye vioo viwili. Dakika moja, mbili. Mzee Gibson alianza kuchoka. Kabla dakika ya tano haijatimia, kioo cha kushoto kikageuka buluu na uso ulionuna ukatokea. Cha kulia kiliendelea kumwonyesha chura.

"Chipu ni sawa. Tofauti ni programu moja tu," Ndila akasema. "Kwa hii nimeitoa, kwa ile nimeiacha. Muasya aliiweka kwa sababu flashi ilimwambia aiweke. Na hiyo flashi ni yangu. Niliitengeneza mimi. Nilijua ina makosa, nikarekebisha yangu, nikanyamaza. Alinipigia simu kuuliza, nikamtukana. Andikeni hivyo kwa ripoti, na jina langu kamili."

Madam Wakesho, ambaye hakuwa mtu mbaya ila mtu mwenye haraka, alitazama mikono yake. Hatimaye alisema kwamba basi, ilikuwa hitilafu ya kiufundi, Mungu ni mwema, Bwana Muasya angerudi kazini Jumatatu. Mzee Gibson akafunga kalamu yake. "Mambo yameisha," akasema.

"Yameisha wapi?" Ndila akauliza. "Mlimwita mwizi gwarideni, wanafunzi mia tatu wakisikia. Kama ana watoto, mnadhani hawajaambiwa? Mtamsafisha gwarideni vilevile. Leo."

"Tutabandika tangazo ubaoni," Madam Wakesho akasema.

"Ubaoni! Mlimchafua kwa mdomo, mnamsafisha kwa karatasi? Mwombeni msamaha kwa mdomo, nyote, mbele ya..."

"Na wewe?"

Alikuwa Muasya. Alikuwa ameondoka pale mlangoni, amesimama katikati ya chumba, na mishipa ya shingo imemsimama.

"Unawapigia watu kelele waniombe msamaha. Wewe umeniomba? Asubuhi umeniita mjinga. Umeona makosa ni yako, ukaniuliza kwa nini sikuuliza. Umewaambia hawa ukweli, asante. Mimi hujaniambia kitu. Huyu mwalimu alidanganywa, lakini wewe ulijua. Mwaka mzima mke wangu anaenda kuteka maji saa ambayo hakuna watu, kwa sababu ya hii kitu. Na hata kuniangalia huniangalii!"

Ndila alimwangalia Muasya, akaona kwamba mtu huyu angeweza kumpiga na asingekuwa amekosea sana.

"Piga kengele," akamwambia Madam Wakesho.

Wanafunzi walijipanga uwanjani kwenye jua kali, wakinong'ona. Ndila alipanda kwenye kile kijukwaa cha saruji. Mwanamke huyu, aliyewatukana wafanyabiashara wakubwa wa Voi na kuwafukuza dukani, hakuwa amewahi kumwomba mtu msamaha tangu awe mtu mzima.

"Naitwa Ndila Mulei," alisema. "Ni fundi wa kompyuta, Voi. Mliambiwa Bwana Muasya ameiba. Hajaiba kitu. Mashine zenu zinaanguka kwa sababu ya kazi yangu mimi, mbaya, ambayo nilijua ni mbaya. Alinipigia akitaka kuwasaidia, nikamkatia simu. Leo nimekuja nikamtukana tena." Akageuka, akamtafuta Muasya kwa macho, akamwona pembeni mwa walimu. "Bwana Muasya, nimekukosea. Mbele ya wanafunzi wako, naomba unisamehe."

Hakuna aliyepiga makofi. Madam Wakesho akapanda, naye akaomba msamaha. Mzee Gibson alivua kofia akabaki ameishika.

Muasya aliwasikiliza wote mpaka mwisho, uso umekaza. Hakusema amesamehe, wala hakuna aliyethubutu kumuuliza. Alipoona wamemaliza aliwageukia wanafunzi.

"Kidato cha nne," akasema, "mtihani wa vitendo ni Alhamisi. Maabara, sasa hivi."

Wakakimbia, wakisukumana, na mmoja akaita, "Karibu tena, Mwalimu!" Muasya akawafuata bila kugeuka nyuma. Ndila alichukua mkoba wake wa vifaa akaenda nyuma yao. Mashine kumi zilikuwa bado zinaanguka. Alipofika mlangoni, Muasya alikuwa ndani akiwapangia wanafunzi viti, na Ndila akajikuta amesimama nje, hajui kama anaruhusiwa.

"Naweza kuingia?" akauliza.

Muasya alimwacha asimame pale kwa muda, akimalizia kuhesabu viti.

"Ingia," akasema. "Anza na ile ya dirishani. Na kila unachofanya, uwaeleze hawa watoto taratibu, mpaka waelewe. Wakikuuliza, uwajibu."

Ndila akaingia, akaketi mbele ya mashine ya dirishani, na msichana wa kwanza akanyoosha mkono.